Barua ya wazi: Mshahara wa mkaanga chipsi haujaipandisha sahani ya Mbeya kwa shilingi 500

KWA: Waheshimiwa viongozi mnaosimamia kazi, mishahara na leseni za biashara ya chakula, Mkoa wa Mbeya
NAKALA: Wamiliki wa migahawa na vibanda vya chipsi, vyama vya wafanyakazi na vya waajiri

YAH: BEI YA CHAKULA CHA HARAKA NA KIMA CHA CHINI CHA MSHAHARA

Waheshimiwa,

Kwa heshima tunawaandikia sisi wapishi, wahudumu na watunza hesabu wa migahawa na vibanda vya chipsi vya Jiji la Mbeya. Malalamiko haya tulikwisha kuyaleta kwa njia ya kawaida. Barua zilipelekwa kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, tukaambiwa tusubiri. Tumesubiri vya kutosha, na sasa tunayasema mbele ya wananchi wote.

Kisa ni hiki. Kuanzia Mafiati hadi Mwanjelwa, Soweto hadi Uyole, mteja akiuliza kwa nini sahani ya chipsi kavu imetoka 2,000 ikawa 2,500, jibu analopewa ni kwamba Serikali imepandisha mishahara. Mkaanga chipsi amesimama palepale nyuma ya karai, anasikia, na mfukoni mwake nyongeza hiyo haijafika. Mteja anaondoka na hasira dhidi ya mfanyakazi na dhidi ya Serikali. Aliyepandisha bei hana wa kumuuliza hesabu. Sisi tunaomba aulizwe, na ili iwe rahisi kumuuliza tumeifanya hesabu yenyewe.

1. Hesabu ya sahani moja

Tuchukue jiko la kawaida lenye wafanyakazi wanne: mkaanga chipsi, mchoma kuku na mishikaki, mhudumu, na anayemenya viazi na kuosha vyombo. Linauza sahani 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani sahani 3,120. Bei tulizotumia ni za mfano. Mwenye jiko aweke zake, njia ya kukokotoa haibadiliki.

Kwa Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, mfanyakazi wa mgahawa, nyumba ya wageni au baa hakutakiwa kulipwa chini ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Wanne ni 600,000. Mchango wa mwajiri kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, ni 60,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 3,000. Tozo ya SDL, ya kuendeleza ujuzi, haimgusi mwenye jiko hili, kwa sababu inaanzia kwa mwenye waajiriwa 10. Jumla ni 663,000. Gawa kwa sahani 3,120, unapata shilingi 212 na nusu. Hiyo ndiyo gharama halali ya watu wote wanne ndani ya sahani inayouzwa 2,000, nayo haifiki hata asilimia 11 ya bei.

Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kwamba wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi unapanda kwa asilimia 33.4 kuanzia Januari 1, 2026. Kila sekta ina mstari wake kwenye jedwali, lakini asilimia 33.4 ndiyo wanayoitaja wenye majiko wanapobadilisha bei ubaoni, basi tuitumie hiyohiyo. Ile 663,000 inakuwa 884,442. Ongezeko ni 221,442 kwa mwezi. Kwa sahani ni shilingi 71.

Tunajua hakuna sarafu ya shilingi 71, na kila muuza chipsi anajua taabu ya kutafuta chenji ndogo jioni. Haya, aongeze 100. Atakusanya 312,000 kwa mwezi, atalipa nyongeza yote ya mshahara na michango yake, na bado atabaki na zaidi ya 90,000. Akiongeza 500 anakusanya 1,560,000, yaani mara saba ya gharama anayodai kuifidia.

Jiko dogo la sahani 60 lenye watu wawili linapata jibu lilelile la shilingi 71. Pagumu ni kwa mwenye watu wanne ambaye mauzo yanashuka hadi sahani 60, kama inavyotokea mvua za Machi zikishika jioni nzima na watu wakawahi majumbani. Huyo nyongeza yake ni shilingi 142 kwa sahani, na tunamwelewa. Lakini hata yeye, 200 inamtosha.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Jimbo la California, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha wafanyakazi wa migahawa mikubwa ya chakula cha haraka, ile yenye matawi 60 au zaidi nchini humo, hadi dola 20 kwa saa kuanzia Aprili 1, 2024. Kima cha jimbo wakati huo kilikuwa dola 16, kwa hiyo kiliruka kwa robo nzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikadiria kwamba bei zilipanda kwa takriban asilimia 3.7. Wapo wachumi wengine waliokadiria kwamba ajira zilipungua, na ubishi huo unaendelea. Huko nyuma, New Jersey ilipotoka dola 4.25 hadi 5.05 mwezi Aprili 1992, wachumi David Card na Alan Krueger waliilinganisha migahawa yake na ile ya upande wa pili wa mpaka, Pennsylvania. Hawakuona ajira zikipungua. Bei za vyakula zilipanda kiasi. Migahawa hiyo ina mashine za risiti na mikataba, yetu ina karai na mwavuli, kwa hiyo hatusemi asilimia zao ndizo zetu. Tunachochukua ni kanuni: zidisha sehemu ya mshahara katika bei kwa kiwango mshahara ulichopanda. Kwetu ni asilimia 10.6 mara asilimia 33.4, na jibu ni kama asilimia 3.5. Kutoka 2,000 hadi 2,500 ni asilimia 25.

2. Bei imepanda, mshahara haujapanda

Hili ndilo linalotuuma zaidi.

Katika vibanda vingi mfanyakazi halipwi kwa mwezi. Anapewa posho ya siku, tuseme 4,000. Kwa siku 26 ni 104,000, chini hata ya kile kima cha zamani, ambacho kwa siku kilikuwa shilingi 5,769. NSSF hakuna, mkataba hakuna. Jiko la watu wanne linalolipa hivyo linatumia 416,000 kwa mwezi, wakati jirani yake anayefuata sheria ya zamani anatumia 663,000. Tofauti ni 247,000. Angalieni namba hiyo vizuri, waheshimiwa. Anayekwepa anaokoa kila mwezi fedha nyingi kuliko gharama ya nyongeza yote mpya. Mwajiri mwaminifu anashindana naye kwenye barabara ileile na kwa bei ileile ya chipsi. Mkichelewa, mwaminifu ama atafunga ama atajifunza kukwepa.

Njia za kukwepa tunazijua kwa sababu zinafanyika mezani kwetu.

Kuna daftari la kusaini: mfanyakazi anaweka saini penye 150,000, anakabidhiwa pungufu. Kuna makato: sahani iliyovunjika, kuku aliyeungua, mteja aliyekula akatoroka, vyote vinakatwa kwa mhudumu siku ya malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata hasara atakavyo. Inataka utaratibu wa haki na makubaliano ya maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira.

Kuna pia mtindo wa kubadilisha watu kila baada ya miezi minne au mitano, kwa sababu ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumfikii aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Binti anafundishwa kumenya, kukata na kukaanga, anaondolewa kabla ya mwezi wa sita, analetwa mwingine kutoka kijijini, anaanzishwa na jina la "mafunzo". Na anayetaka kudai mshahara wake anakuta siku 60 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zimekwisha huku akiahidiwa "wiki ijayo".

3. Saa za kazi

Vibanda vingi hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa tano usiku. Hizo ni saa 13, kwa siku sita ni saa 78 kwa wiki. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, zisizidi 50 katika wiki nne, na siku ya kazi isizidi saa 12 pamoja na za ziada. Mtu wa saa 78 ana saa 33 za ziada kila wiki, ambazo kwa wiki nne ni 132. Kwa kima cha zamani saa moja ya kawaida ilikuwa shilingi 769 na ya ziada 1,154. Mwenye penseli apige mwenyewe anachodaiwa.

Mwenye jiko atasema hawezi kuendesha zamu mbili. Tumempigia hesabu hiyo pia. Akiwa na watu sita badala ya wanne, kila mmoja saa 45, jikoni kutakuwa na watu watatu au wanne muda wote. Kwa mshahara uliopanda kwa asilimia 33.4 pamoja na michango, gharama ni 1,326,663 kwa mwezi, yaani shilingi 425 kwa sahani. Nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku, inayohesabiwa kuanzia saa mbili usiku, ni kama shilingi tano kwa sahani. Kwa hiyo kutii sheria yote, zamu na mshahara mpya kwa pamoja, kunaongeza kama shilingi 218 juu ya zile 212 na nusu. Shilingi 500 bado iko mbali.

4. Fedha inakopotelea hasa

Kama bei ya chipsi inapanda Mbeya, tazameni kwanza gunia na dumu.

Gunia la kilo 100 la viazi, ukitoa maganda, vilivyooza, vilivyotobolewa na wadudu na vilivyogeuka kijani kwa kuanikwa juani, linabaki na kilo 80 hivi. Kwa gramu 400 za viazi vilivyomenywa kwa sahani, ni sahani 200. Gunia likiwa 80,000, viazi ni shilingi 400 kwa sahani. Likifika 120,000 ni 600. Tofauti ya 200 inazidi karibu mara tatu ile 71 ya mshahara, na inaweza kutokea kati ya mavuno na mavuno bila amri yoyote ya Serikali.

Halafu kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Mnunuzi analipia gunia, halipii kilo. Moja lina kilo 110, lingine 130, bei imeandikwa moja. Mkulima wa Uporoto au Isyonje anapunjwa kwenye kilemba cha gunia, na jikoni hakuna anayejua kilo imemgharimu kiasi gani, kwa hiyo bei ya sahani inapangwa kwa kukisia. Anayekisia hukisia kwa faida yake.

Ubora nao una bei. Viazi vilivyovunwa katikati ya mvua vina maji mengi. Vinakaa karaini muda mrefu na vinakunywa mafuta. Viazi vilivyolala kwenye baridi ya Juni na Julai huko Makete au Uporoto, wanga wake hugeuka sukari, vikaungua kwa nje kabla ya kuiva ndani, na mteja anavirudisha. Dawa yake ni kuviweka mahali penye joto la kawaida, pakavu na penye giza, kwa wiki mbili hivi kabla ya kukaanga. Jambo hili mkaanga chipsi mzoefu analijua. Aliyeletwa juzi hajui.

Mafuta ni hivyohivyo. Dumu la lita 20 likitumika vizuri linatoa sahani 500, karibu mililita 40 kwa sahani pamoja na yanayomwagwa yakichoka. Likiwa 100,000, ni shilingi 200 kwa sahani. Mkaanga asiyefundishwa anajaza karai kupita kiasi, joto linashuka, viazi vinakunywa mafuta. Ananyunyiza chumvi juu ya karai badala ya kwenye kabati. Hachuji masalia usiku, asubuhi mafuta ni meusi na yanatoa povu. Anaacha mkaa uwake bila mtu hadi mafuta yatoe moshi, wakati nyuzi 170 hadi 180 zinatosha. Dumu linashuka hadi sahani 400, gharama inakuwa 250. Hiyo 50 mara sahani 3,120 ni shilingi 156,000 kwa mwezi, zaidi ya mshahara wa mtu mmoja chini ya amri ya 2022. Tajiri anayemfukuza mkaanga mzoefu mwezi wa tano ili asimpe mkataba anamwaga mshahara wake kwenye mtaro.

Mkaa hatutaurefusha. Tukumbushe tu kwamba Mbeya iko juu, kama mita 1,700, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kuku wa kienyeji anachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam na anakula mkaa zaidi.

Jambo moja zaidi la kuangaliwa: bei imepanda na kijiko kimepungua. Sahani ikitoka gramu 400 za viazi hadi 350, gunia linatoa sahani 228 badala ya 200, na mwenye jiko anaokoa karibu shilingi 50 nyingine. Mteja analipa mara mbili.

5. Majibu tunayoyatarajia

Mtatuambia kwamba biashara hizi ni ndogo na zikibanwa zitafungwa. Jiko la mfano wetu linaingiza 6,240,000 kwa mwezi kwa chipsi kavu peke yake. Mama lishe anayepika na binti yake hatumzungumzii, huyo hana mwajiriwa. Tunazungumzia mwenye jiko aliyeajiri watu.

Mtatuambia mfanyakazi anakula hapohapo. Anakula ugali uliobaki, saa tisa alasiri, akiwa amesimama. Hiyo isiandikwe kama mshahara.

Mtatuambia wenye majiko nao wanaelemewa na leseni, kodi, zimamoto, ukaguzi wa afya na kodi ya fremu inayodaiwa miezi sita kwa mkupuo. Hilo ni kweli, na tuko tayari kusimama nao kuomba tozo hizo zilipwe kidogokidogo. Lakini kila mzigo uitwe kwa jina lake. Fremu ikipanda, mteja aambiwe fremu imepanda.

Mtatuambia hakuna aliyelalamika. Anayelipwa kwa siku akilalamika leo, kesho hana siku.

6. Tunachoomba

a) Kila jiko lenye mwajiriwa libandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, mstari wa migahawa katika amri inayotumika: kima kwa mwezi, wiki, siku na saa, pamoja na namba ya simu ya kupelekea malalamiko.

b) Ukaguzi ufanyike kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku. Asubuhi mkaguzi anamkuta mwenye jiko na daftari lake tu. Mfanyakazi ahojiwe pembeni, na daftari lilinganishwe na kumbukumbu za malipo. Ndiyo maana tunataka mishahara ilipwe kwa simu au benki. Saini kwenye daftari haithibitishi kilichopokelewa.

c) Leseni ya biashara ya chakula inapohuishwa, mwenye jiko aambatishe mikataba ya waajiriwa na uthibitisho wa michango ya NSSF ya miezi 12 iliyopita. Hili peke yake litampa nafuu mwajiri mwaminifu kuliko hotuba yoyote.

d) Viazi viuzwe kwa kilo, na mizani iliyohakikiwa iwepo kwenye kila soko la jumla linalolisha jiji.

e) Mfikishe juu ombi letu kwamba kima cha chini kipitiwe kwa vipindi vifupi vinavyojulikana. Kuanzia Julai 2013 hadi Januari 2023 mstari wa migahawa ulitoka 130,000 hadi 150,000 tu. Mshahara ukilala miaka tisa na nusu kisha ukaruka, kila mwenye nia ya kupandisha bei anapata kisingizio. Ukipanda kidogo kila baada ya muda mfupi, sahani itapanda kwa shilingi 50 na hakuna atakayegombana na mhudumu.

f) Mtujibu kwa maandishi ndani ya siku 30, hoja kwa hoja, mkionyesha palipo na kosa katika hesabu zetu kama lipo.

Tuko tayari kuja na madaftari kukaa meza moja nanyi na wenye majiko. Tunaomba kikao kiwe asubuhi na kiishe kabla ya saa nne, kwa kuwa baada ya hapo tunahitajika kazini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapishi, wahudumu na watunza hesabu wa migahawa na vibanda vya chipsi
Jiji la Mbeya